Maziwa niliyoyamwaga

Haya wadau, kimya kingi kina mshindo. Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimehamia redioni. Hapana, bado niko gazetini, bado nakimbizana na madiwani na mikutano ya waandishi wa habari. Lakini leo sitaandika siasa. Leo nataka kuandika juu ya maziwa ya mama. Ndiyo, maziwa ya mama, na mimi ni mwanaume. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, kisha tuendelee.

Kisa chenyewe ni cha Februari 2024. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Novemba 2023, kipindi kile cha mgao wa umeme ulioanza Septemba mwaka huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Baba inampa siku 3. Siku zangu 3 ziliisha hata sijajua kumfunga mtoto nepi vizuri. Siku 84 za mke wangu nazo, ukizihesabu ukiwa mwanzoni, unaona ni nyingi. Zikifika 70 unaanza kuhisi kama kuna mtu anazisukuma.

Mtoto alikuwa hajafika hata miezi mitatu, na kliniki walishatuambia kama wanavyowaambia wote: miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe. Sasa mama anafanya kazi Posta, sisi tunaishi Tabata. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, akirudi ni saa moja usiku kama foleni ina huruma. Hayo ni zaidi ya masaa 13. Mtoto anyonye nini?

Jibu lake lilikuwa pampu ya mkono, tuliyoinunua Kariakoo kwa sh 35,000. Wiki tatu kabla ya likizo kuisha akaanza kukamua. Mimi nilidhani ni kama kufungua bomba, unaweka chupa, inajaa. Jamani! Siku ya kwanza alikaa kitandani nusu saa nzima, mkono umekufa ganzi, akatoka na mililita 40. Zile ni kama vijiko vinane vya chai. Alikuwa anaamka saa tisa usiku, mtoto akishalala, anakaa gizani na ile pampu inalia kwik, kwik, kwik. Mimi nilikuwa nageukia ukutani naendelea kulala. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku anarudi kazini, Jumatatu, friza yetu ndogo ya juu ilikuwa na safu ya mifuko maalumu ya maziwa, kila mmoja una tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Alijitahidi kunieleza. Nakumbuka alisimama mbele ya friji, mlango wazi, anasema ya zamani yatumike kwanza, ya kwenye friji yasizidi siku nne, ukiyeyusha usifanye hivi, usifanye vile. Mimi nilikuwa naangalia simu. Kulikuwa na ujumbe wa mhariri. Nikasema, "Sawa, nimeelewa."

Kazi yangu, wadau, ni kuuliza maswali. Waziri akisema neno moja ninaweza kumrudia mara tatu: lini, kiasi gani, nani kasema. Lakini mke wangu aliponieleza chakula cha mwanangu sikuuliza swali hata moja.

Alhamisi ya wiki ileile umeme ulikatika saa mbili asubuhi. Mimi nilitoka kwenda kazini saa tatu, nikamwacha mtoto na mama mkwe, aliyekuja kutoka Moshi kutusaidia. Niliporudi saa kumi na mbili jioni umeme ndiyo kwanza ulikuwa umerudi. Joto la Februari mnalijua, nyuzi 30 na zaidi, ukuta wenyewe unatoa jasho. Nikafungua friza. Mifuko ilikuwa 11, ya mililita 80 kila mmoja. Nikaigusa. Imelegea, inacheza mkononi, pembeni maji matupu.

Nikajiambia, mwanaume ni maamuzi. Maziwa yameyeyuka, maziwa yameharibika, mtoto ataharisha. Nikachukua mkasi, nikakata mfuko mmoja baada ya mwingine, nikamwaga kwenye sinki yote 11. Fanyeni hesabu, ni mililita 880, karibu lita nzima. Nikafungua bomba yakaondoka. Halafu, na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, nilijisikia shujaa. Nikamtumia mke wangu ujumbe: "Umeme ulikatika, maziwa yote yaliyeyuka, nimemwaga. Usijali."

USIJALI! Aliusoma akiwa amesimama kwenye daladala Buguruni.

Alipofika hakupiga kelele. Aliweka mkoba chini, akanawa mikono, akamchukua mtoto akaanza kumnyonyesha. Akaniuliza swali moja tu, bila kuniangalia: "Katikati kulikuwa bado na barafu?"

Nikafikiri. Nilipokuwa nakata ile mifuko, kuna kitu kilikuwa kinadondoka kwenye sinki, kigumu, cheupe, kama kipande cha sabuni iliyochakaa. Katika mifuko mingi kilikuwepo. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Yalikuwa yanafaa." Basi. Akaanza kulia, na mtoto ananyonya hivyohivyo.

Usiku ule nililala sebuleni, hakuna aliyenifukuza, nilijipeleka mwenyewe. Nikakaa na simu nasoma kile ambacho ningekisoma wiki tatu kabla. Asubuhi nikambeba mtoto nikaenda naye kliniki, nikamkalisha muuguzi mmoja mtu mzima kwenye kiti nikamhoji kama ninavyowahoji wakurugenzi. Alicheka sana, akasema wababa hawaendi pale kuuliza hayo. Niliyoyapata nayaandika hapa, labda yatamwokoa mwenzangu mmoja na sinki lake.

Kwanza hilo la barafu. Maziwa yaliyogandishwa yakianza kuyeyuka lakini bado yana chembe za barafu ndani, yanaweza kurudishwa kwenye friza yakaganda tena. Ndivyo wanavyosema hata CDC, ile taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanapoeleza cha kufanya umeme ukikatika. Yaliyoyeyuka kabisa ndiyo hayagandishwi tena, lakini hata hayo kama bado ni ya baridi yanashushwa kwenye friji na kutumika ndani ya masaa 24. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile mifuko yangu 11 ilikuwa haina kosa lolote.

Pili, muda wa kukaa. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya, maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaa mezani hadi masaa 4, kwenye friji hadi siku 4, kwenye friza iliyo baridi kweli, nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi 6 ndiyo bora, na hadi 12 bado yanakubalika. Mtoto njiti au mgonjwa ana masharti yake, huyo ni wa kumfuata daktari.

Hapo kwenye masaa 4 ndipo unatakiwa kusoma maandishi madogo. Wanasema masaa 4 kwa chumba cha nyuzi 25 au chini yake. Sasa niambieni, nyumba gani ya Tabata isiyo na kiyoyozi ina nyuzi 25 mchana wa Februari? Hizo namba ziliandikwa na mtu ambaye chumba chake kina baridi na umeme wake haukatiki. Kwetu tuliweka sheria yetu wenyewe: maziwa yakishakamuliwa yanaingia kwenye baridi palepale, na yakitolewa kupashwa yasivuke saa nzima mezani hayajaguswa. Hakuna aliyetulazimisha, tuliona tu kwamba joto letu halisubiri.

Tatu, mabaki. Mtoto akishanyonya kwenye chupa au kikombe, mate yake yameingia, na vijidudu vya mdomoni vimeingia pamoja nayo. Yaliyobaki yatumike ndani ya masaa 2, yakizidi hapo yamwagwe, hata kama roho inauma. Ndiyo maana mke wangu alikuwa anaweka mililita 80 kwa mfuko na sio 200. Nilidhani ni kwa sababu maziwa ni machache, kumbe ni hesabu: ukiweka kidogo kidogo, ukimwaga unamwaga kidogo.

Nne, mahali pa kuweka. Sio mlangoni kwa friji. Mlango ndio unaofunguliwa kila mtu akitaka maji ya kunywa, joto linaingia hapo kwanza. Yanawekwa ndani kabisa nyuma. Na mfuko usijazwe hadi juu, maana yakiganda yanatanuka. Muuguzi akanionya pia kuhusu vile vifuko vya kugandishia barafu za ukwaju vinavyouzwa dukani: kwa maziwa ya mtoto havifai, havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kama mifuko maalumu ni ghali, chombo safi cha kioo chenye mfuniko kinatosha.

Sasa mkasa wa pili. Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuwa zamu ya mtoto, mke wangu ameenda saluni kupumua kidogo. Naingia jikoni namkuta mama mkwe ameweka sufuria ndogo kwenye jiko la gesi, maziwa yanaanza kutoa povu.

"Mama, hayo ni ya mtoto?"

"Ndiyo baba, nayachemsha. Yamelala kwenye friji tangu juzi."

Huyu ni mama aliyelea watoto sita na kufuga ng'ombe wa maziwa miaka yake yote. Kwake maziwa yaliyolala bila kuchemshwa ni sumu, na kwa ng'ombe yuko sahihi kabisa. Mkwe kumkosoa mkwe mwenzake juu ya sufuria sio jambo dogo, mnaelewa. Nikazima jiko taratibu, nikasema, "Mama, shikamoo tena," akacheka. Nikamweleza kwamba haya hayatoki zizini, hayana vumbi wala mkia wa ng'ombe, na ndani yake kuna kinga hai ambayo moto unaiua. Ukiyachemsha yanabaki chakula, ila zile askari zote umeshazipika.

Akanisikiliza. Akaniuliza, "Sasa anywe ya baridi, mtoto mdogo hivi?" Swali zuri tu. Nikamwonyesha, mimi ambaye siku mbili nyuma sikujua chochote. Unaweka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, unazamisha chupa ndani yake dakika kadhaa, unadondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono kuonja joto. Mikrowevu hapana, kwa sababu inapasha sehemu moja kuliko nyingine, unadhani ni vuguvugu kumbe katikati kuna moto wa kumbabua mtoto ulimi. Akaona utando wa mafuta umeelea juu akasema yamekatika. Nikamwambia hayajakatika, mafuta yanapanda juu yenyewe, unazungusha chupa taratibu yanachanganyika. Siku nyingine yanakuwa na rangi ya bluu kwa mbali, siku nyingine ya njano, na yakigandishwa yanaweza kunuka kama sabuni kwa sababu ya kimeng'enya kinachovunja mafuta. Hayo yote hayamdhuru mtoto, ingawa wapo wanaokataa ile harufu.

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Haya mambo mngeniambia siku nilipofika." Kweli mtupu. Tulimwachia mtoto na friji, hatukumwachia maelezo. Yeye alijua kulea kuliko sisi wote, lakini maziwa kwenye mfuko wenye tarehe yalikuwa mapya kwake kama yalivyokuwa mapya kwangu. Na ilibaki kidogo wote wawili tumharibie mke wangu kazi, mimi kwa sinki, yeye kwa sufuria, tena wote kwa nia njema.

Jioni ile nikafanya kitu ninachokijua. Nikachukua karatasi nikaandika kama ninavyoandika kisanduku cha pembeni cha gazeti, mistari michache, herufi kubwa, lugha nyepesi. NAWA MIKONO. YA ZAMANI KWANZA. USICHEMSHE. KIKOMBE KILICHOGUSWA, MASAA MAWILI. UMEME UKIKATIKA USIFUNGUE MLANGO. KAMA KUNA BARAFU NDANI, USIMWAGE, NIPIGIE. Nikabandika kwenye friji. Mke wangu aliporudi akaisoma yote, akachukua kalamu akaongeza mstari mmoja chini: "MPIGIE MAMA, SIO BABA." Nikajua nimeanza kusamehewa.

Kuhusu mlango: friji ikizimika na isifunguliwe inashika baridi kama masaa 4. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, inaweza kushikilia hadi masaa 48, iliyojaa nusu masaa 24. Yetu ilikuwa ndogo, karibu tupu, na siku ile ya mkasa ilikuwa inafunguliwa kila mtu anapotafuta maji ya baridi. Tukaanza kujaza nafasi tupu kwa chupa za maji zilizogandishwa. Hazigharimu chochote, na umeme ukikatika zinakuwa ndiyo barafu yenu. Mgao nao ukaanza kupungua, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoingiza megawati 235 kwenye gridi mwezi uleule wa Februari. Lakini chupa zetu hatukuzitoa.

Upande wa ofisini kwa mke wangu kulikuwa na kisa chake. Hapakuwa na chumba cha kukamulia. Wiki ya kwanza alikuwa anaingia stoo ya mafaili, anaegemeza kiti mlangoni mtu asiingie. Wenzake wengine walimshauri atumie choo. Niambieni ukweli, nani kati yenu angekubali chakula chake kitayarishwe chooni? Alikuwa anabeba begi dogo lenye vipande vya barafu, ambalo linaweza kuyatunza maziwa hadi masaa 24 kama barafu ni ya kutosha, na anasafiri nalo kwenye daladala kalipakata kama yai.

Hasara niliyoleta mimi ndiyo iliyomlazimisha aongee. Akiba ilikuwa imekwisha, na alichokamua usiku hakikutosha siku nzima. Akaenda kwa msimamizi wake na ile sheria ya 2004, ambayo mbali na siku 84 inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe hadi masaa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mtoto. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hajawahi kusikia. Posta hadi Tabata na kurudi kwa masaa 2 ni ndoto, kwa hiyo wakakubaliana ayachukue mwisho wa siku, atoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Na stoo ya mafaili ikawekewa kitasa.

Mimi nimeripoti habari za bunge na mahakama, na ile sheria niliijua kwa jina. Sikuwahi kuona kama ina habari ndani yake hadi iliponiingilia nyumbani. Tangu hapo nikihudhuria mkutano wa mwajiri yeyote anayejisifu kujali wafanyakazi, ninalo swali moja la nyongeza: mama anayenyonyesha anakamulia wapi hapa kwenu? Mara nyingi meza kuu wanatazamana.

Na usiku, saa tisa, ile pampu ilipoanza kwik kwik, nikawa naamka. Siwezi kukamua, sina cha kukamua. Lakini naweza kuosha pampu, na kuosha kwenyewe kuna utaratibu: beseni lake peke yake, sio kwenye sinki la vyombo, maji ya moto na sabuni, kisha vikauke vyenyewe juu ya kitambaa kisafi bila kupanguswa na taulo la jikoni. Mara moja kwa siku nachemsha vipande vyake kwa dakika 5. Naweza kuandika tarehe. Naweza kuweka mfuko nyuma kabisa ya friza. Inachukua robo saa, na ile robo saa mwenzangu anakuwa amelala.

Mtoto alimaliza miezi yake sita bila kopo. Sasa ameshatimiza miaka miwili, anakula ugali na anaiba dagaa kwenye sahani yangu. Pampu tulimpa jirani vile vipande vinavyochemshika, mirija na vilivyochoka tukavitupa. Karatasi bado iko kwenye friji, imepauka, na ule mstari wa mwisho bado unasomeka.

Kwa hiyo wababa wenzangu, na ninyi mnaotarajia: mkeo akisimama mbele ya friji kukueleza, weka simu chini. Akimaliza uliza. Lini, kiasi gani, yakiyeyuka je. Yale unayoyaona kwenye mfuko ni usingizi wake wa usiku mzima. Na kabla hujashika mkasi, angalia katikati kama bado kuna barafu.

Haya, alamsiki. Mtoto ameamka, zamu ni yangu.